Tumwage vifaranga vya sato Mto Simiyu?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Magu. Tuko watu kumi na wawili tunaovua kwa ndoano Mto Simiyu kila mwisho wa wiki. Hatufanyi biashara, tunapumzisha akili tu, na samaki akipatikana ni kitoweo. Wazee wetu wanasimulia kuyu wa kilo tatu au nne na ningu wa kujaza kapu. Sisi tunakaa tangu alfajiri hadi adhuhuri, tunarudi na gogogo wawili na kambare mdogo. Tumechanga shilingi milioni mbili. Kuna kituo cha kuzalisha vifaranga nje kidogo ya jiji la Mwanza, wako tayari kutuuzia vifaranga elfu kumi vya sato, madume matupu, na kutuletea hadi mtoni. Tukiwamwaga masika hii, tutaanza kuona tofauti baada ya muda gani? Na kuyu anapenda chambo gani?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Naanza na la pesa kwa sababu hilo haliwezi kusubiri: msilipe. Kama mmeshatoa kianzio, ongeeni na mwenye kituo awarudishie au awabadilishie oda, nitaeleza huko mbele kwa namna gani. Vifaranga elfu kumi vya sato mkiwamwaga Simiyu masika hii, mwakani mtakuwa mnarudi na gogogo walewale. Na kama yatakuwepo mabadiliko yoyote mtoni, hayatakuwa ya kuwafurahisha.

Kabla hamjabishana nami, nendeni wawili watatu kituoni mkaangalie. Omba kusimama kando ya kisima cha saruji au vile vizimba vya chandarua, wenyewe huviita "hapa", wanamowalelea vifaranga, kisha pitisha mkono juu ya maji bila kuyagusa. Watakuja wote. Watajaa chini ya kiganja chako, vinywa juu, maji yakichemka kama sufuria ya uji. Tangu wameanza kula, kila kivuli kilichopita juu yao kimedondosha chakula. Jioni yake nenda Simiyu kwenye shimo lolote lenye maji tulivu, lala kifudifudi ukingoni, subiri dakika kumi mpaka uone vidagala vya samaki vikicheza kwenye kina kifupi. Sasa inua mkono. Hutaona hata mmoja.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani atakuwepo kesho. Mdiria anayening'inia hewani, kulasitara aliyesimama kwenye matete, mnandi, kambare aliyelala chini ya kisiki, wote hao ni vivuli. Kifaranga wa kituoni huvifuata. Wengi kati ya elfu kumi wenu wataliwa wiki za kwanza, na ndege wa pale watajua siku ya gari kuja kabla ninyi hamjajua.

Watakaobaki hawatakaa. Sato ni samaki wa maji yaliyotulia na kina kifupi. Mto unaoshuka na tope la masika, uliojaa leo na kukatika vipande vipande kiangazi, si makazi yake. Mkondo utawashusha hadi Ghuba ya Speke, na huko wanasubiriwa na nyavu za makila na kokoro, na watu wa katuli wanaopiga maji usiku kuwafukuzia samaki nyavuni. Mtakuwa mmewanunulia samaki wavuvi wengine kwa mchango wa mishahara yenu.

Najua mmeambiwa "madume matupu" kama jambo la kuwatoa wasiwasi, kwamba hawatazaliana. Kwenye bwawa la kufugia ni sawa, dume la sato hukua haraka kuliko jike na mfugaji hataki bwawa lijae watoto. Wanachofanya ni kumpa kifaranga mchanga chakula chenye homoni kwa wiki tatu hadi nne tangu anapoanza kula. Kazi hiyo mara chache hufika asilimia mia, majike wachache huponyoka. Na hata kama wote wangekuwa madume, dume aliyeachwa mtoni haachi kuwa dume. Atachimba kiota chake mchangani, duara kama bakuli, na atamwita jike yeyote wa ukoo wa karibu atakayepita. Ziwani kwetu imeshathibitishwa kwa vipimo vya vinasaba kwamba sato huchanganya damu na ngege. Ngege aliyekuwa samaki mkuu wa chakula wa ziwa hili leo yuko hatarini kutoweka kabisa, amebaki zaidi kwenye viziwa vidogo vya pembeni, kama Kanyaboli upande wa Kenya, ambako sangara hakufika. Na hata anapobaki, adui yake ni huyo binamu, sato.

Hapa niseme jambo langu mwenyewe, maana sipendi uone nawanyoshea kidole tu. Nilipokuwa afisa kijana, katikati ya miaka ya 1990, nilisimamia kupandikiza vifaranga kwenye lambo moja huko Kwimba. Tuliambiwa ni sato. Nikawapokea kwenye mifuko ya nailoni yenye oksijeni, nikawazoesha maji taratibu kama nilivyofundishwa, nikawaachia, kijiji kikapiga makofi. Sikutoa hata ishirini kuwaweka kwenye sahani nyeupe nikawaangalia mmoja mmoja. Mwaka uliofuata lambo lilijaa visamaki vya kiganja, vimeshakomaa, vina mayai, na robo tatu yao hawakuwa sato. Walikuwa ndugu yake mdogo mwenye madoadoa meupe ubavuni, aliyechanganyika kwenye bwawa la wazazi bila mtu kujali. Halafu zikaja mvua za El Niño za 1997 na 1998, tuta likakatika, na wote wakaenda na maji. Siwezi kuwarudisha. Makosa ya namna hiyo yametokea sehemu nyingi za Tanzania, na ndiyo njia kubwa iliyomsambaza samaki yule kwenye mito na mabwawa ambako hakuwahi kuwepo.

Kuna na magonjwa. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba wamekuta virusi vya ugonjwa wa perege, vinavyojulikana kwa kifupi TiLV, kwa sato wa kufugwa na wa ziwani katika Ziwa Victoria. Kifaranga aliyebeba hana alama usoni. Mkiwamwaga pamoja na maji ya mifuko yao, mmemwaga na yaliyomo.

Lakini acha sato. Tuseme mngepata kituo kinachozalisha kuyu au ningu wenyewe, nisingekataa? Ningewaambia subirini kwanza, na sababu inatoka mbali kidogo.

Kwenye jimbo la Montana, Marekani, mito yao ina trauti, samaki wa maji baridi ambaye wavuvi wa burudani humpenda kama ninyi mnavyompenda kuyu. Kwa miaka mingi idara ya samaki ya jimbo ilikuwa inamwaga trauti wa vituoni kila msimu, na wavuvi waliamini bila gari lile hakuna samaki. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mtaalamu mmoja, Dick Vincent, akaamua kuhesabu. Kipande kimoja cha Mto Madison kilichokuwa kikimwagiwa kila mwaka kikaachwa bila kumwagiwa. Kijito cha jirani, O'Dell, ambacho hakikuwa kikimwagiwa, kikaanza kumwagiwa. Pale Madison trauti wa asili waliongezeka sana. Kule O'Dell wakapungua. Makelele yalikuwa makubwa, lakini hesabu ilisimama, na mwaka 1974 Montana ikaacha kumwaga samaki kwenye mito yenye trauti wanaozaliana wenyewe. Mpaka leo watu hutoka nchi za mbali kwenda kuvua pale.

Kilichokuwa kinatokea ni hiki. Samaki wa mtoni ana kiti chake: nyuma ya jiwe fulani, mahali mkondo unapomletea chakula bila yeye kuhangaika. Jirani zake wanakijua na wanakiheshimu. Ukimwaga ghafla maelfu ya wageni waliozoea kubanana, kila kiti kinagombewa. Mwenyeji anatumia nguvu kufukuza badala ya kula, mgeni hajui kula cha mtoni, na wote wawili wanakonda. Juu ya hapo, habari za gari la samaki huvuta umati. Siku tatu baada ya kumwaga, ukingo umejaa ndoano, na zinazonasa hazichagui kati ya mgeni na mwenyeji.

Vituo vyenyewe pia humbadilisha samaki upesi kuliko tulivyodhani. Utafiti wa Mto Hood kule Oregon, uliochapishwa mwaka 2007, ulifuata nasaba za trauti wanaokwenda baharini na kurudi. Kwa kila kizazi kilicholelewa kituoni, uwezo wa kuacha watoto mtoni ulishuka kwa karibu asilimia 40. Kizazi kimoja tu, mwalimu. Kituo humchagua anayekula haraka na asiyeogopa, na mto huhitaji mwenye tabia za kinyume.

Nasi tusijione kwamba hayo ni ya Wazungu. Ziwa lililo mbele yenu lilishamwagiwa samaki. Ngege walipopungua kwa nyavu, miaka ya 1950 wakaletwa sato na jamaa zake kujaza pengo. Sangara naye akaingizwa kuanzia miaka hiyohiyo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mojawapo ya hoja za waliomtaka ilikuwa kwamba atawapa wavuvi wa burudani samaki mkubwa wa kupigana naye, huku akigeuza furu, visamaki walivyoviona havina thamani, kuwa nyama. Miaka ya 1980 akalipuka. Furu wa aina nyingi, mamia kwa makadirio ya wataalamu waliokuwa wakiwachunguza hapa hapa Ghuba ya Mwanza, wakapotea mbele ya macho yao. Sangara amelisha watu na kujenga viwanda, sikatai, na ukienda Rubondo leo watu hulipa kumvua na kumwachia. Ila aliyemwaga ndoo ya kwanza hakuweza tena kuirudisha, na nafikiri kila mtu anayesimama kando ya maji haya na mfuko wa vifaranga anapaswa kukumbuka hilo.

Sasa turudi kwenye swali ambalo hukuliuliza lakini ndilo lako: kuyu na ningu wa wazee walikwenda wapi?

Hawakuwa samaki wa kukaa Simiyu mwaka mzima. Ningu huishi ziwani karibu na milango ya mito. Mvua za kwanza zikishuka na maji kubadilika rangi, hukusanyika mlangoni, kisha hupanda kwa makundi dhidi ya mkondo, wengine wakiingia hadi kwenye majani yaliyofunikwa na mafuriko, wakitaga huko. Maji yakipungua, watoto hushuka nayo. Kuyu naye hupanda, yeye akitafuta changarawe safi yenye maji ya kasi. Safari nzima ya ningu inaweza kuwa siku chache tu baada ya kila furiko. Mtu akitandaza makila kukatiza mlango wa mto siku hizo, haambulii sehemu ya ningu wa mwaka ule, anawachukua karibu wote, tena kabla ya kutaga. Ndivyo uvuvi wa ningu ulivyoanguka ziwa zima kufikia miaka ya 1950. Sangara hakuwa ameanza kazi bado, zilikuwa ni nyavu.

Siku moja mwaloni, pale boti zinaposhusha samaki, nilimnunua ningu jike aliyetoka kunaswa mlangoni. Alikuwa amevimba kiasi kwamba ukimshika tumbo mayai yanatoka yenyewe, madogo, ya rangi ya mtama. Nilimpasua, nikatoa fuko la mayai, nikalipima kwenye mzani wa duka la dawa, kisha nikahesabu gramu moja kwa sindano juu ya karatasi nyeusi. Ilinichukua sehemu kubwa ya mchana. Nilipozidisha, samaki yule mmoja, asiyezidi urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, alikuwa na mayai makumi ya maelfu. Muuzaji alikuwa na beseni zima la aina ile.

Piga hesabu hiyo na milioni zenu mbili. Jike mmoja akiachwa apite anaweka mtoni mayai mengi kuliko vifaranga mnavyonunua. Wengi watakufa, naam, lakini watakaopona watakuwa wamejifunza kivuli tangu siku ya kwanza, wana damu ya mto huo, na hawajabeba ugonjwa wa kisima cha mtu.

Kwa hiyo kazi iko mlangoni. Afisa uvuvi wa wilaya na BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia rasilimali za uvuvi, za mialo ya karibu na mlango wa Simiyu ndio wa kukaa nao, na nawashauri mwende kabla ya vuli, msisubiri masika ifike. Msiende kama wenye mto mnaokuja kuwafukuza wenye nyavu. Wale wana watoto wa kusomesha, pengine wengine mnawafundisha ninyi. Waombeni jambo dogo linalopimika: mlango na kipande cha juu yake viachwe wazi wiki tatu za kwanza baada ya mto kuanza kushuka na tope. Sehemu ya pesa yenu inaweza kulipia mafuta ya boti ya doria siku hizo. Na ninyi wenyewe wekeni ndoano chini kipindi hicho hicho, mbele ya macho yao. Bila hilo hakuna atakayewasikiliza.

La pili ni changarawe na mchanga. Nimepita kando ya Simiyu kiangazi, malori yamepanga foleni. Pale lori linapochota ndipo kuyu anapohitaji kutaga. Na mashamba yameshuka hadi maji, wakati Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 ziachwe. Furiko la kwanza likija, udongo ule unafunika mayai kama mtu aliyemwaga saruji. Hili ni gumu kuliko la nyavu, halina wiki tatu, lakini shule yako ina wanafunzi na miche ya asili ni rahisi kuipata. Anzeni na kipande kimoja mnachokivua, mita mia mbili, mkiotesha matete na miti ya ukingoni.

Kisha daftari. Kila mnapotoka andikeni tarehe, ndoano ngapi, saa ngapi majini, hali ya maji, na kila samaki kwa jina na urefu. Wadogo na majike wenye mayai warudisheni: lowanisha mikono kwanza ili usimtoe ute, na ule mwiba mdogo wa nyuma ya ncha ya ndoano ubane kwa koleo kabla ya kuvua. Samaki kwa saa, mwaka huu na miaka mitatu ijayo, ndiyo itakayowaambia kama mlango unafunguka. Nakala ipelekeni TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, pale Mwanza. Takwimu za samaki wa mtoni ni chache, na watu kumi na wawili wenye kalamu ni msaada mkubwa kwao.

Kuhusu oda, vifaranga si kitu kibaya kikiwa mahali pake. Kama shule au kikundi mna bwawa la kuchimba, lisilofikiwa na furiko na lenye chujio kwenye tundu la kutolea maji, chukueni vifaranga elfu moja au mbili mfuge, na mkitaka mvue humo kwa ndoano na watoto wenu. Ndiyo sehemu ambayo kumwaga samaki kuna maana, mahali ambapo hawazaliani wenyewe na hawana pa kutorokea. Uingereza nao wamefika huko kwa njia yao: tangu 2015 trauti wa kahawia wanaomwagwa mitoni wanatakiwa wawe tasa, au wawe watoto wa wazazi waliotoka maji hayohayo. Na siku ikifika ya kumrudisha ningu kwa vifaranga, elimu ipo, wenzetu Uganda walishaweza kumtagisha kituoni. Ila wazazi lazima watoke mto huohuo, na mlango uwe umeshafunguliwa, la sivyo watoto hao wataishia kwenye makila kama mama zao. Kwa vyovyote, kuhamisha samaki hai na kumwaga kwenye maji ya asili kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003. Anayewaambia anawaletea hadi mtoni bila kuwauliza kibali, muogopeni hata kwa biashara ya bwawa.

Chambo cha kuyu. Anakula karibu kila kitu: minyoo, wadudu, konokono, matunda yanayodondoka majini. Mimi hutumia donge la ugali wa dona uliokandwa mgumu, ukubwa wa zabibu, au minyoo miwili kwenye ndoano moja. Subirini Juni, maji yakianza kusafika, na mtupe pale maji ya kasi yanapoingia kwenye shimo, si katikati ya shimo. Acha chambo kivingirike chini na mkondo. Akishika hatagonga kama kambare, mshipi utaondoka tu, na usimzuie mara moja, atakata. Mwache akimbie mita kumi au kumi na tano kwanza.